Kabla hujaniambia "imekuwa kijani"

Jumatatu kijana wa fildi alikuwa anapasha ethanoli juu ya moto wazi. Nikafunga gesi kabla hata ya salamu. Wadogo zangu wa maabara, sogeeni hapa tuongee kuhusu kupima alkoholi.

1. Ethanoli inachemka kwenye 78°C. Bika ya maji ya moto inatosha, na moto uzimwe kwanza.

2. Daikromati yenye asidi, ile kemikali ya rangi ya chungwa tunayopimia alkoholi, ikitoka chungwa kwenda kijani, msikimbilie kuandika alkoholi. Aldehidi nayo inafanya hivyo hivyo, na alkoholi ya tershiari (ile ambayo kaboni yenye OH imeshikwa na kaboni nyingine tatu) itabaki na chungwa lake mpaka kengele ya chai. Kipimo cha pumzi cha Borkenstein wa Marekani, cha 1954, kiliwanasa madereva walevi kwa daikromati hii hii, kwa hiyo msiidharau: inaona hata kidogo sana.

3. Tyubu zisuuzwe kwa maji yaliyokenekwa, basi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjanja. Prakitiko ya kidato cha sita, masika, tyubu hazikauki. Nusu saa kabla ya wanafunzi kuingia nikazisuuza zote kwa spiriti, nikazikung'uta, nikazipanga kwenye raki. Zilinukia kidogo. Nikasema itaondoka yenyewe.

Sampuli P, kijani. Q, kijani. R nilikuwa nimeiandaa kwa mkono wangu, asetoni tupu, ambayo haikupaswa kubadili kitu: kijani. Watoto wanaandika huku wanatabasamu, mimi jasho linanitoka. Mwalimu wa kemia hakufoka. Alichukua tyubu moja kwenye raki yangu, akatia maji matupu, matone mawili ya daikromati na asidi, akaizamisha kwenye maji ya moto, kisha akainyanyua usawa wa macho yangu. Chungwa likafifia, likawa kama tope, halafu kijani cha mlenda.

"Kijana, haya maji nayo yamelewa?"

Prakitiko ikarudiwa Jumamosi. Tyubu niliosha peke yangu, na siku hizi situmii daikromati kabla ya kuijaribu kwenye maji.

4. Mabaki ya daikromati hayamwagwi sinki, na glavu zivaliwe. Inasababisha saratani.

5. Mkipima alkoholi kwa sodiamu, tyubu iwe kavu kabisa, la sivyo mtakuwa mnapima maji, maana sodiamu inamenyuka nayo pia. Ndiyo, kavu kabisa, na najua mnachowaza. Ziwekeni kwenye oveni. Ile chupa ya spiriti nimeifungia kabatini.