Maharage ya Njombe: presha kuka ya umeme au slo kuka?

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu, naishi Njombe mjini na familia ya watu sita. Natoka nyumbani saa moja asubuhi, narudi saa kumi jioni. Chakula chetu kikubwa ni maharage na makande, na mpaka leo napikia mkaa. Binti yangu aliyeko Marekani anataka kuninunulia chombo kimoja cha umeme anitumie, nichague mwenyewe: presha kuka au slo kuka, kile chungu cha umeme cha kupikia polepole. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayebaki nyumbani, anaogopa presha, anasema italipuka. Muuza vyombo mmoja kaniambia slo kuka ndiyo ya mwalimu: unaweka maharage asubuhi, jioni unayakuta yameiva. Kipi kitanifaa, na kipi kinakula umeme kidogo?

JIBU: Shikamoo mama. Kwa maharage na makande chukua presha kuka ya umeme, tena uinunue hapa hapa nchini. Binti akutumie hela, asitume chombo. Nitaeleza yote mawili, lakini naomba nianze na huyo muuza vyombo, kwa sababu ushauri wake unaweza kulaza familia nzima hospitali.

Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya lektini, na maharage mekundu ndiyo yanayoongoza. Sumu hii inakufa kwa maji yanayotokota hasa, yale ya kububujika. Joto la chini ya hapo haliiwezi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeandika kwamba maharage manne au matano tu yasiyochemshwa yanatosha kumwangusha mtu: ndani ya saa moja hadi tatu anaanza kichefuchefu na kutapika, kisha kuhara. Na wameandika jambo lingine ambalo kila mwenye slo kuka angepaswa kulijua: maharage yakipata joto la nyuzi 80 tu, sumu yake inaweza kuzidi ya maharage mabichi hata mara tano.

Slo kuka kazi yake ndiyo hiyo, kupanda polepole. Ukiweka maharage na maji baridi asubuhi, chungu kitakaa saa nyingi kwenye nyuzi 60, 70, 80, na ukiweka alama ya moto mdogo kinaweza kisitokote hata mara moja mpaka jioni. Haragwe litalainika, litanukia vizuri, ukilibonyeza kwa vidole linapondeka, na sumu ingalimo ndani. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: kwenye moto mdogo, ulaini wa haragwe hauthibitishi kwamba ni salama.

Dawa yake ipo. Unaloweka usiku kucha, unamwaga yale maji, unaweka maji mapya, unachemsha maharage yatokote nusu saa kwenye jiko lingine, ndipo unayahamishia kwenye slo kuka. Lakini mama, hiyo maana yake uwashe mkaa saa kumi na moja alfajiri. Utakuwa umeokoa nini?

Nasema haya nikijua kwamba aliyekibuni chombo hiki, Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1940, alikipa jina la maharage: kiliitwa Naxon Beanery. Alisimuliwa na mama yake jinsi huko kwao Lithuania watu walivyopeleka vyungu vya maharage na nyama kwa mwoka mikate, vikalala kwenye tanuri usiku kucha. Wazo lilikuwa zuri. Ila tanuri la mwoka mikate ni moto wa namna nyingine kabisa, siyo chungu kinachotumia umeme kama wa balbu mbili tatu za zamani.

Sasa tuje Njombe. Mji wenu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanatokota mapema, kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar akija kwenu analalamika kwamba maharage hayaivi. Anaona sufuria inatokota kwa fujo, anaongeza mkaa, wala haisaidii kitu: maji yakishatokota hayapandi tena, moto wa ziada unayakausha tu. Slo kuka haiwezi kuvuka kiwango hicho, na kwa baridi ya Juni na Julai, maji yakitoka bombani kama yametoka kwenye friji, itachelewa zaidi hata kukikaribia.

Presha kuka inavunja kikwazo hicho. Mfuniko wake una mpira unaoziba pande zote, mvuke unakosa pa kutokea, presha inapanda, na maji yanakataa kutokota mpaka yafike juu zaidi. Kwa presha ya kawaida ya vyombo vya umeme, paskali 70,000 hivi juu ya ile ya hewa ya nje, Dar maji hufika nyuzi 115, na kwako Njombe yatafika kama 111. Hesabu tofauti hiyo, mama: kutoka 93 hadi 111. Haragwe lililokusumbua kwa muda wa saa tatu kwenye mkaa linalainika kwa sehemu ndogo ya muda huo. Nyie wa nyanda za juu mnanufaika na presha kuliko watu wa pwani.

Kwa uzoefu wangu, maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanataka dakika 20 tangu presha ilipokamilika, yasiyolowekwa 45 au zaidi. Makande ya mahindi yaliyokobolewa, mahindi na maharage vyote vikiwa vimelowekwa, weka saa nzima. Juu ya hapo ongeza dakika 15 au 20 za kupandisha presha na nyingine kama hizo za kuiacha ishuke yenyewe. Chumvi na nyanya subiri wakati wa kuunga. Tui la nazi usiliingize kabisa kwenye presha, litakatika. Litie mwishoni mfuniko ukiwa wazi.

Umeme. Presha kuka ya lita 6, ambayo ndiyo saizi yako, huandikwa wati 1,000 na watu wanashtuka. Lakini haivuti wati hizo muda wote. Inavuta kwa nguvu mpaka presha ikamilike, kisha utasikia "tak", imejikata; presha ikipungua inajiwasha kidogo, inakata tena. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haitamaliza nusu unit. Slo kuka ya wati 200 inaonekana ndogo, lakini ikikaa saa 9 ni unit 1.8. Kwa bei ya shilingi 350 kwa unit, ya kwanza ni chini ya shilingi 175, ya pili ni 630. Kinachomaliza LUKU ni wati mara saa, ndiyo maana chombo chenye wati kubwa kimeshinda hapa.

Kuhusu kutumiwa kutoka Marekani. Kule umeme wa majumbani ni volti 120, kwetu ni 230. Mtu ananunua adapta ya shilingi elfu chache, plagi inaingia, anadhani kamaliza. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haishushi umeme. Chombo cha volti 120 ukikichomeka kwenye 230 kinavuta karibu mara nne ya nguvu yake. Niliwahi kuletewa slo kuka ya namna hiyo hapa kwenye karakana, ilidumu kwa mwenyewe chini ya saa moja. Niliifungua mezani: ule mkanda wa waya wa joto unaozunguka ubavuni kwa ndani ulikuwa umekatika sehemu mbili, bati nyuma yake limegeuka rangi ya buluu, na chungu kimepasuka kutoka mdomoni mpaka kitako, ufa mwembamba kama unywele. Sikuwa na la kumtengenezea. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ya kubeba wati 1,000 bila kuchemka ni nzito, na bei yake inasogelea ya presha kuka mpya. Mwambie binti atume hela.

Ukienda dukani utakuta za aina mbili: za vitufe na za kuzungusha saa. Za vitufe zina nafasi ya kupanga zianze baadaye, jambo zuri kwa mwalimu, lakini nyingi umeme ukikatika zinasahau kila kitu, na jioni utakuta maharage yanaogelea kwenye maji ya baridi. Kwako napendelea ya kuzungusha. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji atie maji, aiwashe, achomoe plagi katikati, achomeke tena, mwone inaendelea au imekufa. Asiyekubali kufanya hivyo, nenda duka la pili. Hakikisha pia kwamba anauza mpira wa mfuniko wa akiba wa saizi hiyo hiyo, kwa sababu ndio unaochakaa wa kwanza, na presha kuka isiyo na mpira mzima inabaki kuwa sufuria ya kawaida. Nyumbani ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Zile ekstensheni nyembamba zinayeyuka.

Ratiba yako naiona hivi: usiku unaloweka humo humo kwenye sufuria ya ndani. Alfajiri unamwaga maji, unatia mapya, unafunga, unawasha, unaenda kuoga na kuandaa watoto. Saa moja kasoro maharage yameiva na mama mkwe hana cha kugusa zaidi ya kupakua mchana. Jioni unaunga.

Slo kuka siidharau. Kwa makongoro, au nyama ngumu ya ng'ombe mzee, inatoa supu tulivu yenye mafuta yaliyojitenga juu, ambayo presha haiipati vizuri. Anayekaa mahali umeme hautikisiki na hapiki maharage kila siku, anaweza kuipenda sana. Ila umeme ukikatika saa tatu asubuhi na wewe uko darasani, nyama itashinda kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndiko vijidudu vinakozaliana.

Sasa mama mkwe. Hofu yake si ya bure. Presha za zamani za kuweka juu ya jiko zilitegemea jicho la mpishi, moto ukizidi hakuna wa kuupunguza. Ya umeme inajikata yenyewe presha ikitimia, na mfuniko unafungwa na kipini kidogo kinachopanda na mvuke: kikiwa juu haufunguki. Kinacholeta ajali mara nyingi ni kujaza kupita kiasi. Maharage yanatoa povu, kwa hiyo usivuke nusu ya sufuria, na usiachie mvuke kwa mkupuo, utatoka pamoja na povu la moto. Chini ya mfuniko kuna kichungi kidogo kama kifuniko cha soda. Kitoe kila ukimaliza, ukisugue. Mara nyingi ninacholetewa kama "imekufa" ni ganda moja la haragwe lililojibandika hapo.

Siku ya kwanza msipike kitu. Mkalishe mama mkwe jirani, mimina vikombe vitatu vya maji matupu, funga, weka dakika tano. Mwonyeshe kipini kikipanda, asikie ile "tak". Kisha zima, msubiri pamoja bila kugusa, mpaka kipini kianguke chenyewe. Halafu yeye ndiye afungue.