Kutafiti kwa nini watu hawawaamini wataalamu: ya kujua kabla hujaingia uwandani

Utafiti huu una ugumu wake: anayekuja kuuliza naye ni mtaalamu. Ana tableti mkononi, kitambulisho shingoni, na fomu ya ridhaa yenye nembo ya chuo. Mtu asiyewaamini watu wa namna hiyo ndiye atakayekujibu "leo nina shughuli, njoo kesho", na kesho ukija hayupo. Usipolipangia hilo mapema, utarudi na takwimu zinazosema wananchi wanawaamini sana wataalamu, kumbe waliokubali kukaa nawe ndio hao wanaowaamini.

Anza na swali lenyewe. Madodoso mengi ya wanaoanza yana swali "Je, unawaamini wataalamu wa afya?", ndiyo au hapana. Jibu lake halikufikishi popote. Mama anaweza kumwamini muuguzi wa zahanati ya kijijini kwake amchome mwanawe chanjo ya surua, asimwamini ofisa wa wizara anayetangaza redioni kuwa chanjo mpya ni salama, na asiwe na neno lolote kuhusu aliyeitengeneza. Swali lako litaje ni nani na kwa jambo gani. Kisha tenganisha mambo matatu: umahiri (anaijua kazi yake?), uadilifu (anasema kweli hata ukweli ukimwumiza?) na nia njema (anajali masilahi yangu au ya aliyemtuma?). Mgawanyo huu waliutoa Mayer, Davis na Schoorman mwaka 1995 walipoandika kuhusu mahusiano kazini, na unafaa sana huku kwetu. Nia njema ndiyo inayosahaulika kwenye madodoso, na mara nyingi ndiyo mzizi wa tatizo.

Tazama Kenya mwaka 2014. Maaskofu Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakidai imetiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwazuia kuzaa. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Kanisa hilohilo linaendesha hospitali na zahanati nyingi nchini humo. Ungewauliza maaskofu kama wanaiamini tiba ya kisasa, wangejibu ndiyo bila kusita, na dodoso lako lisingeona chochote. Walichokuwa wakiuliza ni kwa nini wanawake peke yao, kwa nini umri wa kuzaa, kwa nini dozi nyingi. Jibu la kitaalamu lilikuwapo: kitovu cha mtoto kikikatwa kwa kifaa kichafu, mtoto anaweza kupata pepopunda, na mama aliyechanjwa humpa kinga akiwa bado tumboni. Pia ni kweli kwamba chanjo ya kuzuia mimba kwa kutumia homoni hiyo iliwahi kufanyiwa utafiti miaka ya nyuma, kwa hiyo hofu hiyo haikuzuka hewani. Mtafiti anayeandika "upotoshaji" pembeni na kufunga daftari amepoteza data yake bora kuliko zote.

Ukishaandika maswali, yajaribu kwa watu 8 hadi 12 kabla ya majaribio makubwa. Msomee mtu swali, ajibu, kisha umwulize: "Nilipotaja wataalamu, ulimfikiria nani?" Mmoja atasema daktari wa wilaya, mwingine bwana shamba, mwingine mzungu wa mradi. Hapo utajua kuwa swali lako lina maswali matatu ndani yake. Rekebisha, jaribu tena kwa watu wengine. Epuka pia sentensi za "unakubali au hukubali": kwa heshima ya mgeni, wengi watakukubalia kila kitu. Tumia ngazi zinazojibu swali lenyewe: hata kidogo, kidogo, kiasi, sana. "Sijui" usiisome kwa sauti, lakini iwe na kisanduku chake, maana wanaosema sijui si sawa na wasioamini.

Sampuli. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na pengo la makosa la asilimia 5, fomula inakupa watu 385. Wanafunzi wengi huishia hapo, nao wanakosea, kwa sababu hesabu hiyo ni ya kuchagua watu mmoja mmoja kutoka orodha kamili ya watu wote. Wewe utachagua maeneo ya kuhesabia watu kutoka ofisi ya takwimu, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana mawazo, hasa kwenye mambo ya kuaminiana. Ukihoji 20 kila eneo na kipimo cha mfanano wa majibu ndani ya eneo kikiwa 0.05, zidisha ile 385 kwa 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Ikadirie kuwa 2: watu 770. Ongeza nafasi ya asilimia 10 watakaokosekana: 856, sawa na maeneo 43. Fedha zikiwa hazitoshi, ni heri maeneo mengi yenye watu 10 kuliko machache yenye watu 40.

Ndani ya kaya, usimhoji aliyefungua mlango. Orodhesha watu wazima wote, acha tableti ichague. Aliyechaguliwa akikosekana rudi mara tatu kwa saa tofauti, moja iwe jioni na moja Jumamosi au Jumapili. Kila aliyekataa awe na fomu fupi: jinsi, umri wa kukadiria, eneo, na maneno aliyoyatumia kukataa, neno kwa neno. "Mlichukua damu mwaka jana hamkurudi na majibu" si sawa na "mume wangu hayupo". Kwenye utafiti wa somo jingine, fomu hizi ni za kuripoti kiwango cha waliojibu. Kwenye huu ni sehemu ya matokeo, na zinastahili jedwali lake.

Vibali navyo vinaharibu data. Tanzania utapitia tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH) au chuo chako, Kenya tume mwenzake (NACOSTI), kisha wilayani, kata, mpaka mwenyekiti wa mtaa au chifu. Hatua hizo ni za lazima. Ila kiongozi akikusindikiza na kuketi kwenye benchi wakati unauliza "unawaamini viongozi wa afya?", umeshajijibu mwenyewe. Tanzania, balozi wa nyumba kumi ni mtu wa chama tawala, na kila mtaa unalijua hilo. Mwombe akuonyeshe mipaka, umshukuru, aende zake. Hata hivyo watu watakuhusisha na serikali tu. Afrobarometer, mtandao wa kura za maoni barani Afrika, wanaohoji watu 1,200 au 2,400 kila nchi, humalizia dodoso lao kwa kumwuliza mhojiwa anadhani nani amewatuma. Liige swali hilo. Ukichambua, linganisha wanaodhani umetumwa na serikali na wanaokuona mtu wa chuo. Tofauti ikiwa kubwa, iandike waziwazi kwenye ripoti.

Kila dodoso lirekodi tarehe, na wewe uweke daftari la matukio. Septemba 2018 watafiti walihoji watu wazima 961 Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), wiki chache baada ya Ebola kutangazwa. Zaidi kidogo ya robo hawakuamini kuwa ugonjwa upo, na chini ya theluthi waliona mamlaka za kwao zinatetea masilahi yao. Wenye imani ndogo ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda hospitali. Tarehe 26 Desemba uchaguzi uliahirishwa katika miji hiyohiyo, Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu, na kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola mjini Beni. Swali lilelile likiulizwa Januari lingekuwa linapima pia hasira ya kunyimwa kura. Watu waliokuwa wakiuawa na makundi ya silaha tangu 2014 bila msaada wa kutosha walikuwa na haki ya kushangaa magari mengi namna ile yamekuja kwa ugonjwa mmoja. Ndiyo maana usiseme "hawaamini, kwa hiyo hawachanji" kutokana na dodoso la siku moja: huduma mbovu inaweza kuzaa yote mawili.

Kwa uvumi, dodoso ni chombo dhaifu. Fanya vikundi vya watu 6 hadi 8, wanawake mbali na wanaume, vijana mbali na wazee, na anayeandika awe mwingine, si anayeongoza mazungumzo. Usiulize "wewe unaamini?", uliza "watu hapa wanasemaje?" Usimsahihishe mtu katikati ya mazungumzo, wenzake watanyamaza, subiri mwisho, kisha jibu maswali yote. Nakili sauti kwa Kiswahili au lugha iliyotumika kabla ya kutafsiri, na utenge saa 4 hadi 6 kwa kila saa moja ya sauti. Watu wawili waisimbe sehemu ileile (yaani kila kauli waipe alama ya mada yake) kila mmoja peke yake, walinganishe, wabishane.

Pwani, simulizi za mumiani na wanyonya damu zimewafuata watafiti kwa miongo mingi, hata Kilifi, Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya (KEMRI) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza wamekuwapo tangu 1989. Kama utafiti wako unagusa damu, taja kiasi kwa kipimo cha nyumbani: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Sema inapelekwa wapi, inakaa muda gani, na nini hutupwa.

Mrejesho upangiwe bajeti tangu mwanzo: nauli, siku mbili kila kata, karatasi moja ya matokeo kwa Kiswahili chepesi. Wape wanakijiji kabla ya kumpa mfadhili, na kwenye mkutano huo soma kwa sauti sababu za waliokataa kuhojiwa, bila kutaja jina la mtu wala mtaa. Mabishano yatakayofuata yaandike, kwa ridhaa yao. Yanaingia kwenye sura ya matokeo.