Oili ya Mnato Gani kwa Injini ya Rota?

Swali: Kitabu cha gari langu, Mazda RX-8, lenye injini ya rota (inayotumia rota za pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni), kinataja oili ya 5W-20, lakini fundi ananishauri nitumie 10W-40. Nimsikilize nani?

Jibu: Namba iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili mnato wake, yaani uzito wake katika kutiririka, injini ikishapata moto. RX-8 zilizouzwa Marekani zilielekezwa 5W-20, ilhali za Ulaya zilielekezwa 5W-30, hivyo kupanda hadi 5W-30 si kukiuka maelekezo ya watengenezaji, nami ningeichagua hiyo kwa mwendo wa kawaida. Oili ya 10W-40 inafaa zaidi gari linapokimbizwa kwa muda mrefu penye joto kali, kwa kuwa injini ya rota huipasha oili mno, na petroli inayopenya huizidishia wepesi.

Hata hivyo, kiasi cha oili kilichomo kwenye injini ni muhimu kuliko mabishano yote ya namba. Injini hii hudunga oili kidogo ndani ya chemba ya kuunguzia petroli ili kulainisha sili (vizibo vya kuzuia gesi kuvuja) zilizo kwenye ncha za rota, na oili hiyo huungua humo humo. Kwa hiyo tafadhali chomoa kijiti cha kupimia oili uangalie kiasi chake kila unapojaza petroli.