Mwanzi "haukui" kwa miezi tisa: kabla ya kuung'oa, badilisha unachokipima

Ndugu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili pamoja na orodha ya vipimo na picha ulizoziweka, na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu nami nilipita njia hiyo, nikakaribia kung'oa kichaka kilichokuwa na afya tele. Kwa faida ya wanaoingia sasa, ndugu yetu alipanda kipandikizi cha mwanzi wa manjano wenye michirizi ya kijani mwaka mmoja na miezi minane iliyopita. Mwanzi mrefu kuliko yote ulifika mita 2.1, akachora mstari wa rangi ukutani kwenye ncha yake, na kwa miezi tisa amepima kila Jumapili bila kuona hata sentimita moja ya nyongeza. Amesoma mahali kwamba mwanzi unaweza kukua sentimita 91 kwa siku, na sasa anauliza kama mche wake ni mbovu na kama aung'oe apande mwingine.

Usiung'oe. Mwanzi unaoupima hautarefuka tena hata ukiishi miaka kumi ijayo, na hilo si ugonjwa, ndivyo ulivyoumbwa.

Mwanzi ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi, mpunga na muwa. Mti wa kawaida una tabaka la seli chini ya gome ambalo huongeza mbao mwaka hadi mwaka, ndiyo maana shina lake hunenepa. Mwanzi hauna tabaka hilo. Chipukizi linapotoboa udongo huwa limekwisha kubeba unene wake wote na idadi ya pingili zake zote, na kazi inayobaki ni kuzinyoosha pingili hizo moja baada ya nyingine kuanzia chini. Niliwahi kupasua kwa urefu chipukizi lililokufa, lenye kimo cha shubiri moja tu, nikakuta ndani yake vigawanyo vyeupe vimebanana kama kurasa, vipana chini na vyembamba zaidi kuelekea ncha, kila kimoja kikiwa ni kifundo kinachosubiri zamu yake ya kusukumwa juu. Baada ya miezi miwili hadi minne hivi pingili zote zinakuwa zimenyooka, matawi na majani yanatoka, na urefu unakuwa umefungwa. Kuanzia hapo mwanzi unakomaa tu: kuta zake zinakuwa ngumu, maji ndani yake yanapungua, majani yanabadilishwa, lakini futikamba haitaona lolote.

Kwa hiyo kinachokua katika bustani yako ni kichaka, na kichaka hukua kwa vizazi. Kila msimu mashina yaliyo chini ya ardhi hutoa machipukizi mapya, na ikiwa mmea una chakula cha kutosha, machipukizi ya mwaka huu huwa manene na marefu kuliko ya mwaka jana, hadi kichaka kifikie ukubwa wa aina yake. Hicho ndicho kitu cha kupima. Nakuandikia takwimu za kichaka changu, cha aina hiyo hiyo ya manjano, nilichokianzisha kwa kipande cha shina chenye vifundo vitatu. Mwaka wa kwanza mwanzi mnene kuliko yote ulikuwa na kipenyo cha sentimita 0.9 na urefu wa mita 1.7. Mwaka wa pili ukatoka wa sentimita 2.1 na mita 3.4, wa tatu sentimita 3.6 na mita 5.5, wa nne sentimita 5 na mita 7.35. Ule wa kwanza ulisimama pale miaka yote hiyo minne ukiwa na mita zake zile zile 1.7. Kama ningeendelea kuupima huo peke yake ningeamini mpaka leo kwamba bustani yangu imelala.

Ile sentimita 91 kwa siku ni kweli, lakini ni kiwango cha juu kabisa kilichorekodiwa kwa baadhi ya aina, na chipukizi la namna hiyo hutoka kwenye kichaka kilichokomaa chenye akiba kubwa chini ya ardhi. Mche wa mwaka mmoja na nusu hauna akiba hiyo. Katika mwaka wangu wa nne nilifuatilia chipukizi moja kila siku kwa muda wa siku 70. Wiki ya kwanza lilikwenda kama sentimita 2 kwa siku, nikadhani limedumaa. Wiki ya tatu likafika sentimita 8, wiki ya tano 20, na katika wiki ya sita siku moja lilipanda sentimita 27, kiasi kwamba nilirudi kupima upya nikidhani nimesoma vibaya. Wiki ya nane likashuka hadi sentimita 10, na wiki ya kumi likawa linajikokota kwa sentimita 2 hadi likasimama. Ukiziweka namba hizo kwenye karatasi ya mraba utaona mstari unaoanza kwa kulala, unainuka ghafla, kisha unalala tena. Machipukizi yote niliyoyapima tangu wakati huo yamefuata umbo hilo. Kinachotofautiana ni ukali wa mwinuko wa katikati tu.

Sasa namna ya kupima, maana hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima. Mwanzoni nilikuwa naweka futikamba juu ya udongo na kusoma hadi kwenye ncha. Katikati ya msimu nikaongeza matandazo ya majani makavu, udongo ukainuka sentimita 6, na daftari langu likaonyesha siku mbili ambazo chipukizi "lilirudi chini". Tangu hapo, mara tu ninapoliona chipukizi, napigilia kigingi cha mbao sentimita 10 pembeni yake, kwa uangalifu nisichome shina la chini, natia alama ya msumari kwenye kigingi hicho, na vipimo vyote vinaanzia kwenye msumari huo hata udongo ukipanda au kushuka. Napima saa ile ile kila siku, asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Usilishike chipukizi kwa mkono mtupu. Maganda yanayolifunika yana vinyweleo vya kahawia vinavyong'ang'ania kwenye vidole na kuwasha kutwa nzima, na ncha yenyewe ni laini, ikivunjika urefu wa mwanzi huo umekwisha. Chipukizi likikushinda kimo, tumia ufito mwepesi uliotiwa alama kila sentimita 10. Likiushinda na ufito huo, simika fimbo ya mita 1 wima, pima kivuli cha fimbo na kivuli cha mwanzi kwa wakati mmoja, kisha gawanya urefu wa kivuli cha mwanzi kwa urefu wa kivuli cha fimbo. Kumbuka kwamba ncha ya mwanzi wa aina yetu huinama, kwa hiyo kivuli kinakupa kimo cha mahali ulipoinamia, wala si urefu wake kamili, na ni vizuri uandike katika daftari ni njia ipi uliyoitumia.

Unene ni muhimu kuliko urefu, na kwa bahati nzuri ni rahisi zaidi. Zungushia futikamba laini katikati ya pingili, usizungushie kwenye kifundo, kisha gawanya mzingo kwa 3.14 upate kipenyo. Wataalamu wa misitu hupima kwenye kimo cha mita 1.3, lakini mianzi yako ya mwaka wa kwanza karibu iishie hapo, kwa hiyo mimi hutumia pingili iliyo karibu zaidi na sentimita 30 kutoka kwenye msumari, na nimeshikilia hapo hapo miaka yote ili ulinganisho uwe wa haki. Subiri ganda la pingili hiyo lianguke lenyewe kabla ya kupima, vinginevyo utapima na ganda lake.

Kila mwanzi naufunga waya mwembamba wenye kibati kilichochongwa mwaka na namba: 3-2 ni mwanzi wa pili wa mwaka wa tatu. Kwenye mti waya wa namna hiyo ungezama katika gome na kuukaba. Kwenye mwanzi hautakaza kamwe kwa sababu haunenepi. Nilianza na kalamu ya wino usiofutika, na jua lilikuwa limeufuta kabla mwaka haujaisha. Alama hizi si pambo. Bila hizo, baada ya miaka mitatu hutaweza kutofautisha mwanzi mchanga na uliokomaa, na siku ya kuvuna utakata usiopaswa kukatwa. Mwanzi wa kujengea au kutengenezea kitu hukatwa ukiwa na miaka mitatu au zaidi. Ulio mchanga hunyauka na kujikunja unapokauka, na wadudu wanaokula wanga wake huugeuza unga.

Hapo kwenye kukata ndipo nilipofanya kosa lililoniuma kuliko yote, na naona katika picha yako kwamba uko karibu kulifanya. Mwishoni mwa mwaka wa nne niliona ile mianzi myembamba ya mwanzo inakiharibia kichaka sura, nikaikata yote pamoja na mingi ya mwaka wa pili na wa tatu, nikiamini nawapa nafasi wapya. Msimu uliofuata machipukizi yalitoka manne tu badala ya tisa, na nene kuliko yote lilikuwa na kipenyo cha sentimita 3.1. Nilikuwa nimerudishwa nyuma zaidi ya mwaka. Majani ya mianzi ya zamani ndiyo jiko la kichaka: chakula yanachotengeneza hupelekwa chini, na chipukizi jipya, ambalo halina hata jani moja la maana wakati linaporefuka, linaishi kwa akiba hiyo. Mwanzi wako wa mita 2.1 usioongezeka ndio unaomlea mwanzi wa mita 4 ujao. Uache. Katika miaka mitatu ya kwanza mimi ningekata mianzi iliyokufa tu, na baada ya hapo nisingezidi theluthi moja kwa mwaka.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema huenda mmea wako umesimama kwa sababu unakaribia kutoa maua kisha ufe. Ni kweli kwamba aina kadhaa za mwanzi huchanua mara moja baada ya miaka mingi na kufa. Melocanna baccifera huchanua kila baada ya miaka 48 hivi, na Phyllostachys bambusoides hufikisha miaka 120 hivi. Lakini mwanzi wa manjano ulio nao, Bambusa vulgaris, huchanua kwa nadra sana, na mmea unaochanua huonekana wazi kwa mashuke yake. Majani mabichi uliyotuonyesha hayana dalili hiyo.

Dalili ninayoiamini zaidi ni tone la maji. Pita bustanini alfajiri wakati wa machipukizi, uinamie kila moja: lililo hai huwa na tone dogo linalong'aa kwenye ncha za maganda yake, maji yanayosukumwa na mizizi usiku. Lililokosa tone kwa asubuhi tatu mfululizo, na maganda yake yakawa yamefifia rangi, mara nyingi limekwisha kufa hata kama bado limesimama wima. Usifadhaike, kichaka huacha baadhi ya machipukizi yafe ili kulisha mengine, na katika rekodi zangu hakuna msimu ambao yote yalipona. Yaandike katika safu yake, usiyachanganye na yaliyofanikiwa.

Kuhusu matunzo sina mengi. Maji ya kutosha wakati wa machipukizi, samadi iliyooza au mbolea yenye naitrojeni kabla tu hayajaanza kutoka, na majani yaliyoanguka uyaache pale pale chini ya kichaka, kwa kuwa yana silika (madini kama yale ya mchanga) ambayo mwanzi huitumia tena. Ukiona majani yamejikunja kama sindano mchana, mmea una kiu.

Uliuliza pia kama ukuta wa nyumba ulio umbali wa mita 2 uko hatarini. Aina yako hukaa kichaka: mashina yake ya chini ni mafupi na hugeuka kuwa mwanzi karibu na mama yake, kwa hiyo hupanuka polepole kwa duara. Pima mzingo wa duara hilo mara moja kwa mwaka, na ukikaribia ukuta kata machipukizi ya upande huo yakiwa bado laini. Ungekuwa na aina inayotambaa, kama zile za Phyllostachys, ningekuambia uchimbe leo hii na kuweka kizuizi cha plastiki nene chenye kina cha sentimita 60 hadi 75, kikichomoza sentimita 5 juu ya udongo ili uone shina linapojaribu kukivuka.

Kwa sasa futa mstari wa ukutani, upime kipenyo cha mianzi yote iliyopo na kuifunga vibati vyake, kisha uchonge vigingi kama vitano uviweke tayari. Katika picha yako ya tatu, upande wa kushoto wa shina, naona udongo umepasuka kidogo na kuinuka. Fukua matandazo hapo kwa vidole taratibu. Kama ni ncha ngumu iliyochongoka, ya rangi ya zambarau au kahawia, kigingi cha kwanza ni cha hapo.