Mwanajeshi mstaafu analala verandani: kikundi chetu kianzie wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha kanisa hapa Kaptembwo, Nakuru. Kuna wazee waliokuwa jeshini wanaolala kwenye veranda za maduka karibu na stendi. Tumechanga pesa kidogo na tunataka kuwajengea bweni. Mnatushauri vipi?

JIBU: Bweni liacheni kwanza. Jengo hula pesa kila mwezi kwa mlinzi, maji, stima na chakula, na mchango wenu utaisha kabla hamjamsaidia mtu hata mmoja kupata kilicho chake. Nakuru ina wastaafu wengi kwa sababu kambi za Lanet na Gilgil ziko jirani, na aliyeishia verandani mara nyingi ana haki iliyokwama ofisi fulani. Ifuateni hiyo.

Ketini na kila mmoja peke yake, mbali na wenzake. Mwulizeni majina kama yalivyoandikwa siku aliyoandikishwa, namba yake ya jeshi, kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na alivyotoka: muda wake uliisha, aliugua, au alifukuzwa. Namba iandikeni papo hapo, maana ndiyo inayofungua faili. Wapo wazee waliosahau mengi ambao bado huitamka bila kusita. Kama kitambulisho na rekodi za jeshi zinatofautiana hata kwa herufi moja, malipo hukwama hapo, na mtahitaji hati ya kiapo.

Kitambulisho kikiwa kimepotea, anzieni kituo cha polisi mpate abstrakti, yaani hati ya kuripoti kilichopotea, kisha Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu. Msikimbilie pensheni kabla ya hapo, kwani kila dawati litawarudisha. Baadaye andikeni barua mbili: moja kwa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi, kuomba uthibitisho wa utumishi, nyingine kwa Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa, kuuliza faili limefikia wapi. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Aliyetumikia muda mfupi huenda alilipwa kiinua mgongo mara moja na hakuna kingine kinachokuja. Mwambieni ukweli huo mapema.

Kuna jambo ambalo vikundi vingi hulikosa. Mzee anaweza kuwa na pensheni inayoingia benki kila mwezi na bado alale nje, kwa sababu kadi yake ya ATM na namba ya siri viko mfukoni mwa shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Mpelekeni benki na kitambulisho chake, kadi ifungwe, apewe mpya na abadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Deni lizungumzwe kando, kwa maandishi, mbele ya chifu. Pensheni haiwekwi rehani kwa mkopeshaji wa mtaani, na shailoki mwenyewe anajua.

Mambo hayo yakiendelea, mpangishieni chumba. Tuseme kodi ni shilingi 3,500: amana 3,500 na miezi sita 21,000. Godoro, blanketi mbili, jiko, sufuria na ndoo, tengeni 8,000. Nauli na karatasi 4,500. Jumla ni 37,000 kwa mtu mmoja. Miezi mitatu haitoshi, kwa kuwa barua za pensheni huchelewa, na mzee akifukuzwa na landilodi mwezi wa nne hatawaamini tena. Mkiwa na 111,000, chukueni watatu, msichukue kumi.

SWALI: Tuko Nyalenda, Kisumu. Tunaendesha kazi kama hiyo bila cheti. Wafadhili wanatuuliza usajili. Tuende wapi?

JIBU: Kwa ukubwa wenu, jisajilini kama kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii. Mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, na nakala za vitambulisho. Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ndiye wa kumwona. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu. Usajili wa PBO (mashirika ya manufaa ya umma), ulioanza kutumika Mei 2024 badala ya ule wa zamani wa NGO, unafaa mkipanuka na kuajiri.

Cheti kikishapatikana, ombeni NGAAF, mfuko wa serikali ambao hutoa ruzuku kwa vikundi vya watu walio hatarini. Tafuteni pia tawi la DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu. Wao watawathibitishia nani alikuwa askari kweli, jambo ambalo ninyi hamwezi kulifanya bila kumdhalilisha mtu. Katika barua zenu itajeni sheria ya 2022 kuhusu wanajeshi wastaafu. Kwa mzee wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni, ulizieni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwalipa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa matibabu, mwandikisheni SHA, bima ya afya ya serikali. Asiye na ajira hulipa angalau 300 kwa mwezi, na hutozwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600.

SWALI: Kakamega. Tulimpangishia afande mmoja chumba, tukamwambia aache pombe kwanza ndipo tuendelee kulipa. Akaacha ghafla, akatetemeka, akapata kifafa. Tulikosea?

JIBU: Sharti hilo ni hatari. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, na anaweza kufa. Mikono ikianza kutetemeka, jasho likimtoka na akaona visivyokuwepo, ni hospitali siku hiyohiyo, si maombi pekee. Kuacha kupangwe na daktari. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, hupokea simu bure kwa namba 1192.

Chumba kisitegemee pombe. Marekani, mpango wa HUD-VASH humpa mstaafu msaada wa kodi pamoja na mhudumu anayemfuatilia, naye hasubirishwi hadi aache kunywa ndipo apewe nyumba. Idadi ya wanajeshi wastaafu wasio na makao huko ilikuwa takriban 74,000 mwaka 2010. Januari 2024 ilikuwa 32,882. Kodi peke yake haitoshi. Mteueni mtu mmoja, ikiwezekana askari mwenzake wa zamani, amtembelee mara mbili kwa wiki na awe na namba ya landilodi. Kama alikuwa Somalia na hulala akiwa ameegemea mlango, au hushtuka mabati yakipigwa na mvua, mwombeeni nafasi kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti.

SWALI: Bungoma. Marehemu mume wangu alikuwa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, kabla ya Uhuru. Je, mjane ana pa kwenda?

JIBU: Ndiyo, mama. Royal Commonwealth Ex-Services League ya London husaidia waliotumikia jeshi la Uingereza kabla ya Uhuru, pamoja na wajane wao. Pitia DEFOCA, ukiwa na cheti cha ndoa au barua ya chifu, cheti cha kifo, na karatasi yoyote yenye namba yake ya jeshi, hata picha iliyoandikwa nyuma.