Kufufua kitalu nyumba cha chuo: anzeni na udongo, nailoni baadaye

Mkuu umeuliza muanzie wapi na kitalu nyumba cha chuo kilichotelekezwa, nailoni imechanika, na mnataka kiwasaidie watu wanaolima mjini. Nilikuwemo kwenye kufufua kimoja chuoni kwetu, naongea nilichokiona.

Wengi watakwambia nunueni nailoni mpya. Subirini kwanza. Mabanda mengi ya hivyo yanauliwa na udongo, yaani nyanya juu ya nyanya miaka yote mpaka mnyauko bakteria (ugonjwa wa udongoni unaonyausha mmea) unaweka makazi. Pandeni nyanya chache za majaribio, ukiona mche mmoja umenyauka ghafla na majani bado ya kijani, kata shina karibu na ardhi utumbukize ncha iliyokatwa tu kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Kama unashuka uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache basi ndo wenyewe, hauna dawa ya kupulizia na unakaa ardhini miaka. Kwetu ulionekana, tukaachana kabisa na kupanda chini.

Hapo ndo tukajua kazi ya lile banda ni miche. Mtu wa mjini ana ndoo, viroba na kibaraza, nyanya zenu wala hazihitaji, anachokosa ni mche wenye afya. Trei za matundu 128 zikipangwa mezani na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi unaotumika badala ya udongo) hazigusi ule udongo mgonjwa, na nyanya wiki 4 mpaka 6 mche umetoka unaingiza mwingine. Ila msimpe mtu mche uliotoka kivulini moja kwa moja jamani, wiki moja kabla muwe mnautoa nje kidogo kidogo na kupunguza maji, la sivyo jua linaubabua na mtu anakata tamaa ya kulima kabisa, inauma sana.

Halafu likizo. Wanafunzi wakiondoka, trei inakauka kwa siku moja tu ya jua kali, kwa hiyo kabla hamjanunua hata msumari mjue nani atamwagilia. Sisi tuliwaingiza wakulima wa mtaani wenyewe, wanamwagilia kwa zamu na wanalipwa miche, na hao hao ndo wanatuambia msimu huu tuoteshe nini.

Nailoni mkifikia kununua chukueni ya unene wa mikroni 200 yenye kinga ya jua, na pembeni wekeni neti ya wadudu, joto litoke na nzi weupe wasiingie.