Maswali na Majibu: Vitabu vya Msimu, Vitabu vya Sauti na Faharasa Tunayonyimwa

Wachapishaji wameanza kutoa orodha zao za vitabu vipya visivyo vya kubuni, na safari hii vingi vimewekewa alama ndogo pembeni ya jina, kuonyesha kwamba vitapatikana pia kwa sauti. Barua zimezidi nafasi. Nimeziacha zinazouliza bei, kwa kuwa bei huulizwa dukani, na zile zinazotaka nimpigie debe mwandishi ambaye, ukisoma hadi chini, ni shemeji yake mwuliza swali.

*Kwa nini vitabu vyote vya maana hutoka kwa mkupuo mmoja, kisha tunakaa miezi mitupu? (Msomaji, Morogoro)*

Kwa sababu hapa kwetu vitabu vya aina hii havina msimu wao wenyewe. Hupenyezwa katika nafasi inayoachwa na vitabu vya shule. Mwaka wa masomo huanza Januari, na katika miezi inayoutangulia fedha za mchapishaji, mitambo ya mpiga chapa na maghala ya wasambazaji hushikwa na vitabu vya kiada na ziada, ambavyo ndivyo vinavyolipa mishahara. Kitabu cha historia husubiri. Hupata upenyo wakati wa maonyesho ya biashara ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, au hupelekwa kwenye maonyesho ya vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba, au, kama kinamhusu Mwalimu Nyerere, hungojea tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu yake. Waingereza wana Alhamisi yao moja mapema mwezi Oktoba ambapo vitabu vya jalada gumu hutolewa kwa wingi siku moja ili viwahi zawadi za Krismasi. Zawadi zetu za Krismasi na Idi ni nguo na chakula, na mchapishaji wa hapa anayeiga kalenda ya London atabaki na maboksi yake.

Kumbukumbu za viongozi, hata hivyo, zimejipatia msimu, nao ni siku ya kuzaliwa. Kitabu cha Benjamin Mkapa kilizinduliwa tarehe 12 Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka 81, na cha Ali Hassan Mwinyi tarehe 8 Mei 2021, alipotimiza miaka 96. Heshima hiyo wazee wetu wanastahili, na sivisemi vibaya vitabu hivyo viwili. Nasema juu ya desturi yenyewe: tarehe ya uzinduzi ikishapangwa na mgeni rasmi akishathibitisha kufika, hakuna mswada unaoruhusiwa kuchelewa tena, na kazi zinazofanywa mwisho ndizo zinazorukwa. Swali linalofuata linaonyesha matokeo yake.

*Nimenunua kitabu kipya cha kumbukumbu chenye kurasa zaidi ya mia tatu. Nilitaka kuona mahali alipotajwa marehemu baba yangu, aliyefanya kazi na mwandishi, lakini hakuna faharasa. Je, ni kawaida? (Msomaji, Tanga)*

Ni kawaida, na ni aibu. Faharasa, yaani ile orodha ya mwisho inayoonyesha kila jina au jambo limetajwa ukurasa gani, haiwezi kuanza kutengenezwa mpaka kurasa zipangwe na kufungwa, maana mstari mmoja ukiongezwa katika sura ya pili, namba zote za mbele zinaweza kusogea. Kwa hiyo kazi hiyo huanguka katika majuma yale yale ambayo mwandishi anasahihisha picha, mchapishaji anahangaika na jalada, na kadi za uzinduzi zimekwisha kugawiwa. Mtu makini huhitaji siku kadhaa za utulivu kwa kitabu kama hicho chako. Hapewi, au hupewa usiku mmoja, na ukurasa wa mwisho wa kitabu unabaki kuwa picha ya mwandishi akitabasamu.

Wapo watakaokuambia kwamba siku hizi kompyuta hutafuta yenyewe. Hao hawajaifanya kazi hiyo. Katika kitabu kimoja cha siasa zetu mtu yule yule huitwa Nyerere, kisha Mwalimu, kisha Rais, kisha Baba wa Taifa, na mara nyingine Kambarage. Kompyuta itakupatia jina uliloandika na kuyaacha mengine yote. Tena haijui majina yetu yanavyopangwa. Mwinyi utamweka chini ya M, lakini Siti binti Saad lazima akae chini ya S ya Siti, kwa kuwa hakuna msomaji atakayemtafuta kwa jina la baba yake. Programu iliyotengenezwa ughaibuni itamwandika Saad na kukupotezea mama wa taarab. Baba yako huenda ametajwa kwa jina la utani au kwa cheo chake tu, na anayeweza kutambua kwamba huyo ni mtu mmoja ni binadamu aliyekisoma kitabu kizima.

Ushauri wangu, ndugu yangu, ni kwamba umwandikie mchapishaji, kwa adabu, na umwombe faharasa iwekwe katika chapa ya pili. Barua kumi za namna hiyo zina nguvu kuliko safu hii. Na ukiwa dukani, kabla hujasoma maneno ya sifa yaliyo nyuma ya jalada, fungua kurasa za mwisho uone kama kuna faharasa na marejeo. Mwandishi wa historia asiyeniambia jambo alilitoa wapi ananitaka nimwamini kwa sura yake.

*Naomba PDF ya vitabu vyote vya msimu huu. (Wasomaji wengi, mikoa mbalimbali)*

Hapana.

*Kitabu cha kuchapwa kina kurasa 400, lakini cha sauti ni saa tatu na nusu tu. Nimepunjwa? (Msomaji, Mombasa)*

Tupige hesabu. Ukurasa wa kawaida unaweza kubeba maneno 280, kwa hiyo kurasa 400 ni maneno 112,000. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na msomaji mzuri asiyekimbia tumkadirie maneno 120 kwa dakika. Kitabu kizima kingechukua saa 15 na nusu. Saa tatu na nusu ni maneno 25,200, yaani chini ya robo. Wewe umeuziwa muhtasari.

Kufupisha si kosa, maana yapo mafupisho mazuri yaliyofanywa na mwandishi mwenyewe. Kosa ni kutolisema. Neno «kimefupishwa» linapaswa kuandikwa mbele, chini ya jina la kitabu, na siyo kufichwa katika maelezo yanayofunguka baada ya kulipa. Katika vitabu vya kumbukumbu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa sura ngumu ndiyo ya kwanza kutupwa. Mkapa, kwa mfano, hakuyakwepa mauaji ya waandamanaji wa Pemba ya Januari 2001 katika kitabu chake. Fikiria kitabu cha kiongozi mwingine yeyote kikifupishwa na mtu ambaye kazi yake ni kukifanya kisikilizike garini bila kumkera abiria: utabaki na utoto kijijini, shule ya misheni, na shukrani kwa mke. Kabla hujanunua, tazama urefu wa sauti, uulinganishe na idadi ya kurasa, kisha ufanye hesabu kama niliyoifanya hapa. Inachukua dakika moja.

*Kitabu cha sauti kitanilia bando kiasi gani? (Msomaji, Dodoma)*

Sauti ya mtu mmoja asomaye, ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29 kwa saa; saa 15 ni kama MB 430. Kipakue chote mahali penye Wi-Fi. Angalia pia kama programu inakuruhusu kukihifadhi kwenye simu au inakusikilizisha mtandaoni tu, kwa sababu hiyo ya pili ni kukodi, hata kama kitufe kimeandikwa «nunua».

*Kwa nini wachapishaji wasitumie sauti ya kompyuta, ambayo ni rahisi na haichoki? (Msomaji, Arusha)*

Wameanza, na nimesikiliza. Kompyuta haichoki, lakini pia haielewi inachokisoma, na kitabu kisicho cha kubuni kimejaa vitu vinavyohitaji kueleweka kabla ya kutamkwa. Nimesikia «uk. 45» ikisomwa «uk nukta arobaini na tano». Nimesikia tanbihi ikiingia katikati ya sentensi, mwandishi akiwa bado hajamaliza kumzika babu yake. Nimesikia «ng'ombe» ikitamkwa kana kwamba kile kidoto cha juu ni uchafu wa karatasi, na kitabu kinachohusu wafugaji hakiwezi kuvumilia hilo kwa saa nane. Msomaji wa kweli, kabla ya kuingia studio, hukaa na mhariri na kuamua tanbihi ipi isomwe na ipi iachwe, jedwali lielezwe vipi kwa maneno, na jina la kijiji cha Usukuma litamkwe namna gani, na ikibidi humpigia simu mtu wa huko. Maandalizi hayo ni kazi ya uhariri, na ndiyo maana kitabu cha sauti kilichofanywa vizuri hakiwi bei ya bure, jambo ambalo watu watatu zaidi wamelilalamikia na ambao nawaomba walichukue hili kuwa jibu lao.

Kama mchapishaji ameamua kutumia kompyuta, aandike hivyo juu ya jalada, na msomaji ajichagulie. Hata hapo, sauti lazima iambatane na faili lenye ramani, picha, majedwali na marejeo. Kwa sasa vitabu vingi vya sauti hutolewa bila hata majina ya sura, vikiwa vimekatwakatwa kuwa «Faili 01» hadi «Faili 37». Wameninyima faharasa kwenye karatasi, na sasa wananinyima yaliyomo kwenye sauti.

*Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert ungependeza sana kwa sauti, tena ukiwa na nyimbo zake ndani. Je, naweza kuurekodi mwenyewe? (Msomaji, Unguja)*

Wazo zuri kuliko yote yaliyonifikia, na ninashangaa kwamba kitabu kinachomhusu mwimbaji tumeendelea kukisoma kimyakimya. Hapa lakini kuna haki kadhaa zilizorundikana, na wengi huziona kuwa moja. Kwanza kuna maandishi. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 (Zanzibar ina yake), kazi hulindwa kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Shaaban Robert alifariki 1962. Lakini nakala uliyo nayo mkononi huenda ni toleo jipya lenye dibaji na maelezo ya mtu mwingine, na hayo yana mwenyewe. Pili kuna nyimbo za Siti, yaani mashairi na muziki wake. Tatu kuna zile sauti zake zilizorekodiwa, kuanzia safari ya Bombay ya 1928 Siti alipokwenda kuimba kwenye sahani za santuri, ambazo haki zake huhesabiwa kivyake. Nne ni haki yako wewe utakayesoma. Kwa kuwa uko Unguja, peleka orodha hiyo COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar (COSOTA ni ya Bara), upate jibu kwa maandishi, ndipo ukodishe studio.

Nawaongezea waandishi walio hai jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Mkataba unaosema mchapishaji anachukua «haki zote» umechukua na sauti, hata kama mchapishaji huyo hana kinasa sauti wala mpango wa kukinunua. Andikeni kifungu kinachosema kwamba haki ya sauti isipotumiwa ndani ya muda mtakaokubaliana, inarudi kwa mwandishi, na kwamba mrabaha wake, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ni tofauti na ule wa kitabu cha kuchapwa. Nimeona miswada ya wasifu ikilala katika kabati kwa ajili ya neno «zote».

*Baba yangu ni mwalimu mstaafu, naye macho yamemwishia. Vitabu anavyovitaka havipo kwa sauti. Kuna njia halali? (Msomaji, Bukoba)*

Mpe mzee shikamoo yangu. Njia ipo. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016, unaruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona, zikiwemo maktaba, kutengeneza nakala za sauti au za nukta nundu bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kuzipeleka kwa taasisi za nchi nyingine wanachama. Tanzania na Kenya zote zimejiunga. Anza na maktaba ya mkoa na chama cha wasioona, na uombe nakala yenye vichwa vya sura vinavyoweza kurukwa, ili mwalimu asilazimike kusikiliza saa sita kutafuta aya moja. Huduma hii ni kwa asiyeweza kusoma chapa kwa sababu ya ulemavu, wakiwemo wasioweza kushika kitabu. Wale wenye macho mazima ambao tayari naona wanaanza kuandika barua, rejeeni jibu langu kuhusu PDF.

*Je, kusikiliza kitabu ni kusoma? (Imeulizwa tena)*

Nimelijibu swali hili kila msimu. Ndiyo.

*Nina fedha za kitabu kimoja tu cha historia ya nchi yetu. Ninunue kipi, cha kuchapwa au cha sauti? (Msomaji, Mbeya)*

Ukitaka kitabu kinachokwenda kwa lugha ya mazungumzo, na kilichotoka kwa Kiswahili, chukua kumbukumbu za Mzee Mwinyi za 2021. Vitabu vya aina hiyo ndivyo ninavyovipendekeza kwa sauti pale vinapopatikana, kwa sababu msimulizi ni mmoja na habari zinafuatana. Ukitaka kazi ya uchunguzi, ipo ile ya juzuu tatu kuhusu maisha ya Nyerere iliyoandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata na kutolewa 2020. Hiyo ichukue kwenye karatasi, maana utahitaji kurudi nyuma, kulinganisha na kuandika pembeni kwa penseli. Ilitoka kwa Kiingereza, jambo linalonikera ukizingatia kwamba mtu inayemhusu alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, mwaka 1963 na 1969, huku akiwa na nchi ya kuongoza. Kama fedha zako hazitoshi juzuu zote, muulize muuzaji kama anaziuza mojamoja.